Kuhama shule ya famasia Marekani ukiwa umeshafika mbali: hatua kwa hatua

Kila Januari, matokeo ya muhula yakishatoka, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja kutoka kwa wadogo zetu wanaosoma PharmD, yaani shahada ya udaktari wa famasia, huku Marekani. "Kaka, niko P3, mume wangu kapata kazi Texas, shule za kule zitanipokea?" "Kaka, ada imenielemea, nataka kuhamia shule ya serikali kwenye jimbo anakokaa mjomba." "Kaka, nimedisko. Nani atanichukua?" Nimejibu mmoja mmoja hadi vidole vimechoka. Leo nayaweka yote mahali pamoja.

Jibu la haraka kwanza, ili asiyehitaji mengine aende zake. Miaka minne ya shule ya famasia tunaiita P1 hadi P4. Kuhama ili uingie P2 kunawezekana, ingawa nafasi ni chache. Kuhama ili uingie P3 ni nadra, na ukikubaliwa jiandae kurudishwa nyuma. Kuhama ili uingie P4 moja kwa moja karibu hakupo, isipokuwa shule yako inafungwa.

Sababu ni moja. ACPE, chombo kinachotoa ithibati kwa shule zote za famasia nchini humu, kinasema mhitimu ajue nini na afanye saa ngapi za vitendo. Hakisemi somo gani lifundishwe muhula gani. Shule moja inafundisha dawa za saratani P2, nyingine inazisubirisha hadi mwisho wa P3. Shule zote zinapika pilau, lakini hapa nyama imeshaiva na kule bado wanakaanga vitunguu. Ukimwaga sufuria moja ndani ya nyingine hupati pilau.

Kabla ya yote: je, unahitaji kuhama kweli?

Nakaa hapa kidogo kwa sababu nusu ya wanaoniuliza huishia kutohama, nao hufurahi.

Kama shida yako ni mahali, yaani mume, mke, mzazi mgonjwa au mtoto, na tayari uko P3, kumbuka kwamba P4 si ya darasani. Ni rotesheni za APPE, yaani mafunzo ya vitendo kwenye hospitali na maduka ya dawa, saa zisizopungua 1,440, sawa na wiki 36. Shule nyingi zina vituo vya rotesheni nje ya jimbo lao, na baadhi hukuruhusu kutafuta kituo mwenyewe mradi wao waingie mkataba nacho. Dada mmoja aliyetaka kuhamia karibu na mumewe alibaki shuleni kwake muhula mmoja tu, akapangiwa rotesheni nyingi katika jimbo la mumewe, akahitimu bila kupoteza hata mwezi. Angehama, angerudishwa P2.

Kama shida ni ugonjwa, msiba au uzazi, uliza kwanza habari za kuahirisha masomo. Utarudi na krediti zako zote.

Kama shida ni ada, piga hesabu ya pili. Majimbo mengi hutaka uwe umeishi humo miezi 12, tena kwa sababu isiyokuwa masomo, ndipo ulipe ada ya wenyeji. Ukihamia Agosti na kuanza Agosti utalipa ada ya mgeni. Ongeza mwaka mmoja wa kurudishwa nyuma, na ule unafuu uliouona kwenye tovuti unayeyuka.

Umepiga hesabu na bado unataka kuhama? Twende.

Vitu vya kuwa navyo mkononi

- Transkripti za shule ya famasia na za kila chuo ulichopita, hata kile cha jamii ulichosomea kemia miezi miwili ya kiangazi.
- Silabasi kamili ya kila kozi uliyomaliza: ya wiki kwa wiki, yenye mada, vitabu na namna ya kupima. Yale maelezo ya mistari mitatu ya kwenye katalogi hayatoshi.
- Rekodi ya saa za vitendo vya awali, yaani IPPE, yenye saini ya msimamizi wa kila kituo.
- Nakala ya leseni yako ya intani, yaani kibali cha mwanafunzi kufanya kazi za famasia, kutoka bodi ya famasia ya jimbo.
- Rekodi ya chanjo, kipimo cha TB, cheti cha BLS (huduma ya kwanza ya kuokoa maisha), na cheti cha kuchanja kama umeshasoma kozi hiyo.
- Kwa wenye viza ya mwanafunzi ya F-1: fomu zote za I-20, zile shule humtolea mwanafunzi wa kigeni, tangu ya kwanza, pasipoti, na uthibitisho mpya wa fedha.

Pakua silabasi leo. Namaanisha leo. Siku utakapojiondoa shule itakufungia akaunti, na hapo kuomba silabasi ya kozi ya miaka miwili iliyopita kwa profesa aliyestaafu ni kazi ya kumsaka kwa tochi.

Hatua ya 1: Chagua shule tatu hadi tano, sio ishirini

Ingia kwenye orodha ya ACPE, uone hadhi ya kila shule. Yenye hadhi ya "Candidate" bado haijatoa mahafali. Ukihamia huko unaweka mguu kwenye ngalawa ambayo haijavuka ng'ambo hata mara moja. Iliyo kwenye "Probation", yaani chini ya uangalizi, isome sababu zake kabla hujagusa fomu.

Kisha tazama mfumo wa masomo. Shule nyingi ni za miaka minne ya mihula, lakini zipo za miaka mitatu mfululizo, mfano University of the Pacific kule California. Roseman, yenye kampasi Nevada na Utah, nayo ni ya miaka mitatu, tena wanafunzi wake husoma kozi moja kwa wakati na alama ya kufaulu ni asilimia 90. Kutoka mihula ya kawaida kwenda mfumo kama huo, krediti zako hazitapata pa kukaa. Anayesumbuliwa na mahali azitazame pia shule zenye njia ya kusoma kwa mbali. Creighton ilianza hilo mwaka 2001, na nyingine zimefuata.

Soma ukurasa wa sera ya uhamisho wa kila shule, na utafute mambo mawili. La kwanza, wanapokea wanaoingia mwaka gani. La pili, ni sehemu gani ya masomo lazima ufanyie kwao ndipo wakupe shahada. Hilo la pili ndilo linalowakata wengi wa P3, na huwa limeandikwa chini kabisa.

Hatua ya 2: Andika kabla ya kuomba

Usijaze fomu wala kulipa ada ya maombi kabla hujapata jibu la maandishi. Andikia ofisi ya udahili au ya masuala ya wanafunzi ya shule ya famasia yenyewe. Udahili wa chuo kikuu kizima hawajui P3 ni mnyama gani.

Barua iwe fupi na iseme: uko shule gani na mwaka gani; GPA yako; kwamba uko katika hadhi njema; sababu ya kuhama kwa sentensi mbili; na swali lenyewe, "Mnapokea wanaohamia, na mkinipokea mtaniweka mwaka gani?" Usimwage historia ya maisha, na usiseme ubaya wa shule yako. Anayesoma barua hiyo anamfahamu mkuu wa shule yako. Wanakutana kwenye mikutano kila mwaka. Famasia huku ni kijiji.

Muda mzuri ni Oktoba hadi Januari. Rotesheni za P4 huanza karibu Mei, na vituo hugawanywa miezi mingi kabla. Ukiuliza Aprili, nafasi zimekwisha na aliyekuwa akujibu yuko kwenye maandalizi ya mahafali.

Hatua ya 3: Zungumza na shule yako

Hapa vijana wetu huogopa. Tumelelewa kutomwambia mkubwa kwamba unataka kuondoka hadi uwe umeshaondoka. Huku itakuharibia. Shule mpya itadai barua ya hadhi njema kutoka kwa mkuu wa shule yako au msaidizi wake, kwa hiyo watajua tu.

Omba miadi, useme unachunguza uwezekano na hujaamua. Sema sababu. Mara nyingi hapo ndipo utasikia mambo yasiyo kwenye tovuti: mfuko wa dharura, ratiba ya rotesheni ya jimbo lingine, nafasi ya kuahirisha. Ukitoka, waandikie barua pepe ya kushukuru inayotaja mliyokubaliana, ili maandishi yawepo.

Hatua ya 4: Tengeneza jedwali la ulinganisho

Hii ndiyo kazi yenyewe. Wengi hutuma transkripti peke yake na kungoja, kamati nayo haina muda wa kuchimbua. Wafanyie kazi hiyo.

Fungua jedwali la safu nne: kozi ya shule mpya, kozi yako inayofanana, mada zilizofundishwa, kilichopungua. Anza na mtaala wa shule mpya, kisha tafuta kwako. Ukianza na wa kwako utajidanganya.

Usilinganishe majina. "Tiba ya Dawa II" kwako inaweza kuwa moyo na figo, kwao ikawa magonjwa ya kuambukiza. Linganisha mada: shinikizo la damu, kushindwa kwa moyo, dawa za kuzuia damu kuganda, kisukari, pumu, kifafa, saratani. Mada uliyoisomea nusu, andika nusu. Kamati ikikukamata umetia chumvi sehemu moja, haitaamini safu iliyobaki.

Mambo manne ya kuangalia:

Gredi. Shule nyingi hazipokei kozi ya chini ya C, na nyingine hutaka zaidi ya hapo. Krediti zikihamishwa, kwa kawaida GPA haihamishwi, unaanza upya. Hilo ni baraka kwa wengine na pigo kwa wengine.

Kozi za kufaulu au kushindwa tu. Kama shule yako haitoi herufi, mwombe msajili barua inayoeleza "kufaulu" ni alama ngapi.

Sheria ya famasia. Ukivuka mpaka wa jimbo, tegemea kuisoma upya, kwani kila jimbo lina sheria zake na mtihani wa leseni huzifuata.

Maabara. Kozi za kutengeneza dawa na za kuhudumia mgonjwa kwa vitendo ndizo za mwisho kukubaliwa. Weka orodha ya ulivyofanya kwa mikono yako: krimu, vidonge vya kapsuli, dawa safi za kudunga mishipani.

Hatua ya 5: Peleka maombi

Baadhi ya shule hutaka upite PharmCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya shule za famasia, nyingi huwashughulikia wanaohama moja kwa moja. Fuata walichokuandikia kwenye Hatua ya 2. Mtihani wa PCAT, ule wa kuingilia shule za famasia, usikuumize kichwa. Ulifungwa Januari 2024.

Barua za mapendekezo zitoke kwa mwalimu wa shule ya famasia na msimamizi wa vitendo. Bosi wako wa duka la dawa anafaa kuwa wa tatu.

Onyo: kila fomu ina swali kama umewahi kusimamishwa, kuwekwa kwenye uangalizi wa kitaaluma au kufukuzwa. Jibu kweli. Kuficha kukigundulika, hata ukiwa P4, udahili unafutwa, na bodi ya leseni nayo itauliza.

Hatua ya 6: Saa za vitendo na leseni ya intani

Kabla ya P4 kila mwanafunzi lazima awe na saa za IPPE zisizopungua 300, zikiwemo za famasia ya mtaani na za hospitali. Shule mpya haitazichukua kwa neno lako. Omba ripoti kutoka mfumo wa rotesheni wa shule yako, iwe na jina la kituo, tarehe, saa na tathmini. Zikikubaliwa nusu, utamalizia kiangazi.

Leseni ya intani ni ya jimbo na haisafiri. Ukihama jimbo unaomba mpya, na mara nyingi unachukuliwa tena alama za vidole na kuchunguzwa rekodi. Bila leseni hiyo hugusi rotesheni, kwa hiyo omba wiki ile ile utakayokubaliwa.

Hatua ya 7: Viza na fedha

Mwenye F-1, mtu wako wa kwanza ni DSO, yule afisa wa wanafunzi wa kimataifa. Ukishakuwa na barua ya kukubaliwa, shule ya zamani hupanga tarehe ya kuachilia rekodi yako ya SEVIS, mfumo wa serikali unaofuatilia wanafunzi wa kigeni, na baada ya tarehe hiyo shule mpya inakutolea I-20. Masomo mapya yaanze ndani ya miezi 5 tangu rekodi iachiliwe au tangu tarehe ya kumaliza programu iliyoandikwa kwenye I-20 yako, kinachotangulia. Kazi yako ya kampasi kwenye shule ya zamani hukoma siku ya kuachiliwa. Ukiacha kuhudhuria bila ruhusa ya DSO rekodi inafungwa. Hata kujiondoa kwa ruhusa, bila kuhamia popote, kunakuachia siku 15 tu za kuondoka nchini. Mwone kabla hujaacha hata kozi moja.

Wenye grini kadi, wakimbizi na waliopewa hifadhi wanaweza kukopa mikopo ya serikali kuu, ila wajihadhari na mawili. Ukijiondoa kabla asilimia 60 ya muhula haijapita, sehemu ya mkopo inarudishwa serikalini na shule inaweza kukudai wewe pengo hilo. Maliza muhula. Pili, sheria ya mwaka 2025 inawafungia wakopaji wapya mkopo wa Grad PLUS, ule wa serikali kwa wanafunzi wa shahada za juu, kuanzia 1 Julai 2026, na kuwawekea wanaosoma PharmD kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Waliokuwa wameshaanza kukopa wamepewa kipindi cha mpito, lakini kimefungamana na programu waliyomo. Ukihama unaweza kukipoteza. Iulize ofisi ya misaada ya shule mpya, na upate jibu kwa maandishi.

Hatua ya 8: Barua mkononi ndipo ujiondoe

Barua ya kukubaliwa itaje mwaka unaoingia, kozi zilizopokewa, kozi za kurudia, na tarehe unayotarajiwa kuhitimu. "Karibu sana, mengine tutapanga ukifika" si barua. Nimeona kijana akiacha kiti chake kwa maneno kama hayo, akafika na kukuta yuko P1.

Kukikwama

*Wamenikubali, ila wananirudisha P2.* Omba tathmini ya pili kwa kozi mahususi, ukiambatanisha silabasi, na uombe mtihani wa kujipima kama wanautoa. Usiombe "mnifikirie" kwa jumla. Wakikataa, rudi kwenye hesabu ya ada.

*Kipimo cha TB kimesoma chanya.* Una kovu la chanjo ya BCG mkononi kama sisi sote, na kipimo cha ngozi kinaweza kudanganyika nalo. Omba kipimo cha damu cha IGRA, ambacho hakiathiriwi na BCG. Nacho kikisoma chanya, utapigwa picha ya kifua na kuonana na daktari. Wengi huendelea na rotesheni. Fanya hili mapema, majibu yasije kukukuta wiki ya kuanza.

*Shule haitoi barua kwa sababu ya deni.* Nenda ofisi ya fedha ukaombe mpango wa kulipa kidogo kidogo, upate maandishi, ndipo urudi kwa mkuu. Kugombana na karani wa dirishani hakujawahi kufupisha deni.

*Shule yetu inafungwa au imenyang'anywa ithibati.* Kwako kanuni ni tofauti. Shule inawajibika kuwa na mpango wa kuwamalizia wanafunzi, wa kwake au kwa makubaliano na shule nyingine. Usikimbilie kuhama peke yako kabla hujausoma mpango huo, kwani anayehama chini yake hupokewa kwa masharti nafuu kuliko anayebisha hodi peke yake.

*Nimedisko.* Kata rufaa kwanza. Muda wa rufaa ni mfupi, mara nyingi ni siku chache za kazi, na ukipita umepita. Rufaa iseme kilichotokea, ulichobadilisha, na ushahidi. Ikishindikana, shule nyingi hazimpokei aliyeondolewa na nyingine kama mhamiaji. Njia iliyobaki ni kuomba upya kuanzia P1, na hapo pumzika mwaka, fanya kazi kama fundi wa dawa, ushughulikie kilichokuangusha.

*Niko mwaka wa tatu Muhimbili au Nairobi, naweza kuhamia PharmD huko?* Kwa kuhamisha krediti za miaka ya famasia, usitegemee. Sayansi za mwanzo, kama kemia na baiolojia, zinaweza kutathminiwa kama masomo ya awali, halafu unaanzia P1. Uliyebakiza mwaka mmoja au miwili, maliza hapo ulipo, ufanye mafunzo ya vitendo, upate leseni ya nyumbani, kisha uulize NABP, chama cha kitaifa cha bodi za famasia Marekani, masharti ya waliohitimu nje.